Gari Si Jiwe

Baba alisema hawezi kwenda kumwekea mama msalaba na gari limepauka. Alisema mara moja tu. Baba yangu, mzee Eliakimu Matonya, harudii neno. Akishalisema ananyamaza, anakutazama, mpaka wewe mwenyewe uone aibu na kuinuka kutafuta la kufanya. Nilikuwa nimempelekea maziwa na dawa ya kifua nyumbani kwake mtaa wa Kikuyu, hapa Dodoma, hata chai sijamaliza, naye akanionyesha uani kwa kidevu, pale lilipo Peugeot lake.

"Wewe si unaosha magari ya wakubwa? Haya, la kwenu hilo hapo."

Nilimjibu kwamba gari lile si chafu, limezeeka. Rangi iliyopauka hata uioshe kwa maziwa itabaki imepauka. Inatakiwa mashine ya polishi, na mashine sina. Nilisema kwa ukali kidogo, maana ndivyo nilivyo, na yeye ndiye aliyenizaa hivi, kwa hiyo hatuogopani.

"Basi kanunue," akasema, akarudi kwenye maziwa yake.

Mimi naitwa Anitha. Nina sehemu yangu ya kuoshea magari Ihumwa, kando ya barabara. Tangu wizara zihamie huku, Dodoma imejaa magari meusi makubwa, na wenyewe wanataka wakiyatazama waone meno yao. Kwa muda mrefu nilikuwa nawaoshea, kisha nawaelekeza kwa mafundi wengine wakang'arishiwe, huku roho inaniuma. Mashine niliihitaji kwa riziki yangu pia. Baba alinisukuma tu kule nilikokuwa nikienda.

Ila sikutaka ianzie kwenye gari lile, na sababu yangu ilikuwa juu ya boneti.

Mboga yetu sisi Wagogo ni mlenda. Wakati wa mvua unaota shambani, njiani, hata nyuma ya choo. Wanawake wanauchuma, wanauanika, ukishakauka wanautwanga na kuuhifadhi, na huo ndio unaosukuma ugali wa uwele kiangazi chote. Lakini hauanikwi popote tu. Unaanikwa juu ya jiwe. Kijijini kwao mama, upande wa Mvumi, kuna majabali mapana, na jua likishayapata huwezi kukanyaga bila viatu. Mlenda ukitandazwa pale asubuhi, jioni unavunjika wenyewe mkononi. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha jabali, na bibi zetu walivigombania vipande hivyo kuliko watu wanavyogombania viwanja siku hizi.

Baba alipomleta mama mjini, uani Kikuyu hapakuwa na jiwe. Palikuwa na mchanga, pipa la maji na kamba ya nguo. Baadaye likaja Peugeot 504 la bluu nzito. Baba alikuwa dereva wa ofisi moja hapa mjini, na ofisi ilipolichoka lile gari ikaliuza mnadani, naye akalinunua kwa akiba yote aliyokuwa nayo. Siku lilipofika, mama alilizunguka polepole, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. Baba akadhani anashangaa uzuri. Kesho yake akaenda kazini na gari la ofisi, na aliporudi jioni akakuta boneti ya kwake imekuwa kijani, kuanzia kwenye kioo mpaka kwenye taa.

"Zipora! Gari si jiwe!"

Nimekua na kelele hiyo. Kila mvua zikija, kila mlenda ukichipua, ndugu na majirani wa Kikuyu walijua siku yoyote watamsikia mzee Matonya. Alijaribu kuligeuza gari, mkia ukatazama jua. Mama akaanika juu ya buti. Baba akanunua turubai la kulifunika. Mama akalikunja vizuri, akaliweka ndani lisiibwe, akaanika. Wala hakujibizana naye. Alisema "haya, baba Anitha," akakusanya majani yake, na kesho yake gari la ofisi likipotea kona, anatoka na ungo. Kitu kimoja tu alikuwa anakisema, tena kwa upole: "Hapa unakauka haraka kuliko jiwe la kwetu." Hilo baba hakulikubali hata siku moja. Alisema unakauka kama unavyokauka popote. Halafu usiku anakula mlenda uleule, anaomba aongezewe.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kutibu jeraha. Baba alitoa kopo la nta, la duara, kifuniko chake lazima ukifungue kwa sarafu, na vipande vya flaneli vilivyotokana na mashati yake ya zamani. Sisi watoto tuligawiwa sehemu. Yangu ilikuwa mlango wa mbele upande wa abiria, na ole wake atakayeugusa. Unapaka nta kwa kuzungusha, unaiacha, inakuwa ukungu mweupe, hapo unaandika jina lako kwa kidole kabla baba hajaona. Kisha unafuta, na ghafla uso wako unatokea kwenye bluu, una pua kubwa. Redio ilikuwa dirishani. Mama anapita na ndoo, anasema "mtalimaliza hilo gari kwa kulisugua," na baba anajibu, "tunafuta mboga yako." Jumapili tunaenda kanisani ndani ya gari linalonukia nta. Mara moja moja tulikwenda nalo mpaka Mtera kununua samaki, madirisha wazi, vumbi linaingia, mama anaimba na sisi tunaitikia nyuma. Nikikumbuka siku zile moyo unanibana kabisa, sisemi uongo. Hatukuwa na kitu, na sikuwahi kuona tumepungukiwa.

Lakini nta ya mkono haiwezi kila kitu. Majani mabichi yana utomvu, na jua la Dodoma halina huruma. Mwaka baada ya mwaka boneti ikapata alama: vichoro vya majani, vyembamba, vyeupevyeupe, vimelaliana, vingi katikati na vichache pembeni. Ukitazama vizuri unaona mpaka wapi mkono wa mama ulifika, na wapi alitandaza kwa uchache majani yasidondoke.

Mama alitutoka mwaka jana, wakati wa mvua. Picha yake iko sebuleni, alipigwa studio, ameazima viatu na amekaza shingo, hafanani. Mimi nilikuwa nikimtaka mama, natoka uani, najifanya naangalia matairi. Pale juu ya boneti ndipo alipofanana. Sasa mtu aniambie niende nikanunue mashine ya kupafuta.

Baba alisisitiza tuende wote dukani. Alisema kitu kitakachogusa gari lake lazima akione kwanza. Tukaenda mjini kwa Khalidi, mtu wa Kondoa, ambaye kwake ndiko ninakonunua sabuni na taulo zangu tangu nianze kazi. Duka lake ni jembamba, shampuu upande huu, polishi upande ule, utafikiri saluni.

"Shikamoo mzee," Khalidi alisema.

"Marahaba. Huyu anataka kununua mashine ya kuniharibia gari. Tuonyeshe."

Nilikwishachagua kichwani. Nilitaka ile kubwa, nzito, yenye mkono wa pembeni, wanayotumia mafundi rangi. Nimewaona nayo, inaunguruma, inafuta mkwaruzo mara moja. Nilimwambia Khalidi anipe hiyo, tusipoteze muda.

"Dada Anitha, umewahi kuishika?"

"Nimewahi kushika mtoto mwenye degedege. Nipe."

Khalidi alicheka. Nyuma ya duka alikuwa na mlango wa gari la zamani, ameuegemeza ukutani kwa ajili ya watu kama mimi. Akachomeka mashine kwenye umeme, akaifunga pedi, akatia tone la dawa ya kung'arishia, akanipa. Niliiwasha. Ilinivuta kwanza kushoto, nikaikaza, ikanivuta kulia, nikaikaza zaidi, na kwa kuwa sikutaka mtu aone inanishinda nikaikandamiza ukingoni mwa mlango. Harufu ya kuungua ikatoka. Nilipoinua, rangi ilikuwa imeondoka, limebaki bati limenikodolea macho.

Baba alipiga mruzi mrefu. "Naam," alisema. "Hiyo ndiyo uniletee nyumbani?"

"Hiyo inazunguka mahali pamoja, kwa hiyo inachemka," Khalidi alisema, bila kunicheka, namshukuru. "Ni nzuri kwa mwenye mkono uliozoea. Wewe anza na hii."

Hiyo nyingine ilikuwa ndogo, na kwa kweli niliidharau. Alinieleza kwamba pedi yake inazunguka huku inachezacheza pembeni, haitulii mahali pamoja, kwa hiyo haipati joto la kuunguza. Ukiikandamiza sana, inasimama kuzunguka, haigombani na wewe. Inachukua muda mrefu zaidi. Niliijaribu juu ya mlango uleule. Ilitetemeka mkononi kama simu inayoita, lakini ilikwenda nilikoielekeza, na nilipofuta dawa kwa taulo, sehemu ndogo ya mlango ule mbovu ilikuwa imeamka.

"Gari gani unaanza nalo?" Khalidi aliuliza.

Nilimwambia. Akamgeukia baba kwa heshima mpya. "Mzee, gari la miaka ile halina ile rangi ya juu inayopitisha mwanga kama kioo, iliyo kwenye haya ya leo. Mashine itagusa rangi yenyewe. Utaona pedi imekuwa bluu, usishtuke. Ila dada apite polepole, na kwenye kingo abandike karatasi ya gundi, maana hapo rangi ni nyembamba."

Kuna vitu havikuwa na ubishi: pedi ngumu kwa ajili ya kufuta mikwaruzo, pedi laini kwa ajili ya kumalizia, waya mrefu, kitufe cha kupunguza kasi. Ugomvi ulikuja kwenye nta. Mimi nilitaka ya kisasa, ya maji, unapuliza na kufuta, inakaa miezi na haishiki vumbi. Kwa vumbi la Dodoma ndiyo nta ya mtu mwenye akili. Nilikwishaiweka kwenye kikapu. Baba naye alikuwa ameokota kopo la duara rafuni, analigeuzageuza.

"Hii imetengenezwa kwa nini?" alimwuliza Khalidi.

"Hiyo ni ya majani, mzee. Kuna mti huko Brazili, jamii ya mnazi. Majani yake yana nta. Wanayakata, wanayakausha, kisha wanayapiga mpaka nta inapukutika."

"Wanayakausha wapi?"

"Juani."

"Wanaanika?"

"Wanaanika, mzee."

Baba alilifungua kopo, akainusa ile nta, akakaa nayo puani muda. "Hii," alisema.

Nilimweleza kwamba hiyo inapakwa kwa mkono, inachosha, na haidumu. Nilimweleza vizuri kabisa, nikapandisha na sauti. Alishikilia kopo lake. Nilifikiri ni kwa sababu linafanana na lile la zamani, na kwa kuwa mimi mwenyewe lilikuwa limeanza kuniliza, nikaacha kubisha. Ile ya kisasa niliirudisha rafuni.

Nilimfuata Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda. Mashine hairuhusiwi juu ya bati la moto, dawa inakaukia pale pale, kwa hiyo nilifunga turubai juu ya gari, lile lile alilonunua baba kupigana na mama. Gari nililiosha, nikalikausha, nikabandika karatasi ya gundi kwenye kingo na kwenye kila kitu kinachong'aa. Nikaanzia nyuma, ambako kosa haliwezi kuonekana sana.

Pedi ilipogeuka bluu, baba aliinuka kutoka kwenye kigoda chake.

"Inakula rangi!"

"Inakula iliyokufa, baba. Khalidi si alikwambia?"

"Kuambiwa na kuona si kitu kimoja."

Alikaa tena, lakini ukingoni. Nilikwenda kipande kwa kipande, huku na huku, juu na chini, nafuta, natazama, narudia. Mashine ile ndogo niliyoidharau ilinifundisha subira, kitu ambacho walimu na wachungaji walishindwa. Buti iliamka. Milango ikaamka. Nilipofika kwenye mlango wa mbele upande wa abiria nilizima mashine nikaumalizia kwa mkono, na uso wangu ukatoka mle ndani, pua kubwa ileile. Nililia kidogo nikiwa nimemgeuzia baba mgongo.

Paa nikamaliza. Mabawa ya mbele, yale ya juu ya matairi, nikamaliza. Kisha nikaanza kukunja waya.

"Na hapo?" baba aliuliza.

"Hapo siweki mashine."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini, baba. Usinilazimishe."

Alinyamaza, akanitazama, ile silaha yake. Safari hii sikuona aibu. Nilimwambia yote. Kwamba makaburini kuna udongo tu, ukutani kuna picha ya mtu mwingine, nguo zake mashangazi wamegawana, na kitu pekee alichokiacha kwa mkono wake mwenyewe kiko pale juu ya boneti. Kama anataka kifutwe, atafute fundi mwingine, na mimi siku hiyo nisiwepo. Nilipiga kelele. Nadhani hata jirani alipunguza redio.

Baba aliinuka, akaja, akasimama mbele ya gari. Aliweka kiganja juu ya zile alama.

"Wewe hapa unamwona mama yako," alisema. "Una haki. Ulikuwa mtoto, ulikuwa unacheka. Mimi nikitazama hapa simwoni. Naisikia sauti yangu. Kila jani hapa ni siku niliyompigia kelele mbele ya watu kwa ajili ya mboga niliyokula mwenyewe."

Niliuachia ule waya ukaanguka chini.

"Alipolala hospitali nilimwambia, Zipora, ukipona nitalisafisha lile gari, na sitasema tena. Akacheka. Akasema, utasema tu. Sasa hakupona, lakini neno nilikwishalitoa. Sitaki nifike kwake na ugomvi wangu umetangulia mbele ya gari. Washa mashine, mama."

Baba huniita mama akiwa ameishiwa nguvu. Niliwasha.

Nilitumia pedi laini kwanza, nikitumaini alama zitagoma. Hazikugoma. Ziliondoka taratibu, za pembeni kwanza, zile chache ambako alikuwa anatandaza kwa uchache, halafu za katikati. Machozi yalinidondokea juu ya boneti, nikawa nayafuta pamoja na dawa. Ilipofika ile ya mwisho karibu na kioo, mahali alipokuwa anaanzia kutandaza, nilipita juu yake haraka nisije nikaghairi. Ikabaki bluu tupu, nzito, kama siku lilipotoka mnadani. Lilikuwa zuri mno, na nilichukia lilivyokuwa zuri.

Nta tulipaka wote wawili kwa mkono, kwa flaneli. Baba alizungusha kama zamani, duara dogodogo, akahema, akapumzika, akaendelea. Ukungu mweupe ulipokauka juu ya boneti, nilimwona anaandika kitu kwa kidole, halafu akakifuta kabla sijasoma. Pedi ya bluu Khalidi alisema ifuliwe mara moja. Niliitia kwenye mfuko nikaificha ndani ya boksi la mashine, na mpaka leo haijafuliwa.

Tulikwenda nalo Mvumi, alikozikwa mama. Barabara ilikuwa na matope na baba aliendesha kama amebeba mayai. Msalaba uliwekwa, mchungaji akaomba, tukaimba. Baba hakutoa hotuba. Alisema tu, "Zipora, tumekuja," akavaa kofia yake. Baadaye niliwaona watu wa kwao mama wamelizunguka gari, wanajitazama kwenye milango, na yeye amesimama pembeni ya boneti kama bwana harusi. Nikajiambia, haya, alikuwa anajua anachokitaka, na mimi nitazoea. Wakati wa kuondoka, mama mdogo Hilda alituwekea nyuma gunia la mlenda mbichi, umechumwa asubuhi hiyo, bado una umande. Nilimwambia baba auchukue wote, mimi sina pa kuuanika.

Kesho yake nilirudi Kikuyu kulichukua gari. Tulikubaliana kwamba nitaliegesha Ihumwa pale mbele ya kibanda changu, wateja walione, waseme wenyewe. Wakubwa wawili walikwishaahidi kuja kulitazama. Niliingia getini na funguo ya akiba mkononi, jua liko utosini.

Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa barazani. Gari lilikuwa limegeuzwa, uso unatazama jua. Na boneti yangu, kazi yangu ya kwanza ya mashine, niliyoifanya kwa mikono na machozi, ilikuwa imefunikwa kijani kuanzia kwenye kioo mpaka kwenye taa.

"Baba! Gari si jiwe!"

Sauti iligonga ukuta wa jirani ikanirudia. Ilikuwa sauti yake, ileile, hata lafudhi.

Baba alikuwa kwenye kigoda kivulini, na kijiti cha kufukuzia kuku. Hakuinuka. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, kisha kifua kikamkamata akakohoa, akafuta macho, na macho hayakuacha kutoka maji hata kikohozi kilipokwisha.

"Ndivyo nilivyokuwa nasikika?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Alinivumilia sana."

"Baba, hiyo nta ina dawa. Utaula huo mlenda?"

"Nta ni ya majani. Khalidi alisema wewe ukiwepo. Wanaanika juani." Alininyooshea kijiti. "Unafikiri nililichagua lile kopo kwa ajili ya harufu?"

Nilisogea. Mlenda ulikuwa umetandazwa vibaya, mwingi pembeni na mchache katikati, kazi ya mwanamume ambaye hajawahi kuanika kitu. Chini yake bati lilikuwa la moto, halishikiki. Utomvu ulikwishaanza kuingia. Nilijua kabisa alama zitakuwa wapi, na kwamba wakubwa wangu hawatapenda boneti yenye madoa. Sikuona uchungu hata kidogo.

Baba alikuja pembeni yangu akaokota jani moja, akalivunja kwa vidole. Lilivunjika kwa sauti.

"Nimeyatoa asubuhi hii hii," alisema. Akaliponda lile jani kiganjani. "Mama yako alikuwa anasema kweli, Anitha. Hapa unakauka haraka kuliko jiwe la kwao."

Niliweka funguo mfukoni, nikaanza kuyageuza, kuanzia karibu na kioo.